Reli Isubiriyo na Reli Isiyosubiri: Siku Zangu Tanga

Ijumaa: Segera hadi Kange

Pale Segera basi liliwaachia wa Moshi njia yao, likapinda kulia kuelekea pwani. Kuanzia hapo, mtu aliyelelewa na watu wa reli macho hayamtulii barabarani. Anaitafuta njia ya treni. Mara iko nyuma ya migomba, mara imemezwa na mkonge, mara imekatiza mbele ya basi na kupotelea upande wa pili.

Muheza tulinunua machungwa dirishani. Kipande cha reli kati ya Tanga na hapo, kilomita 40, ndicho cha kwanza kabisa nchini. Wajerumani walianza kukijenga 1893, treni ikafika Muheza 1896. Wakati huo watu wa London walikuwa wameshasafiri chini ya ardhi kwa zaidi ya miaka 30, tangu Januari 1863, tena kwa injini za mvuke, moshi na abiria humo humo. Nilimsimulia hayo mama mmoja niliyekaa naye, amepakata ndoo ya dagaa. Akauliza, "Na nauli walilipa?" Nikamwambia walilipa. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye chungwa lake.

Nimekuja kwa harusi, ila daftari nimebeba. Tangu ifahamike kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima litaishia Chongoleani, kila mtu wa Tanga ana Tanga yake kichwani: mwingine ya maghorofa, mwingine ya mahoteli, na vijana wa ukoo wetu wanataka ya treni ya chini ya ardhi, metro. Mimi kazi iliniweka Addis Ababa miaka kadhaa, na treni yao nyepesi ya mjini, ya ukoo mmoja na tramu zipitazo barabarani, niliipanda mpaka nikaizoea. Mjomba wangu, ambaye nafikia kwake Chumbageni, alistaafu akiwa fundi wa njia ya reli. Tumekubaliana tuuzunguke mji tuone ni treni ipi ingeufaa, kama ipo.

Tumeshuka Kange magharibi imeshaadhiniwa. Kijana wa bajaji alipoulizwa kuhusu metro alitaka kujua jambo moja tu, kama italala saa ngapi, maana usiku ndio mkate wake.

Jumamosi: Ngamiani

Anayetaka kuielewa Tanga aanze Ngamiani. Barabara za namba, kuanzia ya kwanza mpaka ishirini na kitu, zimenyooka sambamba kana kwamba zimepigwa rula, na mitaa mingine inazikata. Hata mgeni hapotei. Asubuhi nzima ni kengele za baiskeli: mwanafunzi, mama na kapu lake, mzee na kanzu yake iliyokunjwa ili isikamatwe na mnyororo. Mji ni tambarare, na watu wake wameutumia utambarare huo vizuri.

Baraza ya kahawa tuliyokaa iko kivulini mwa duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwapo mzee mmoja ambaye wote wanamwita Baharia, aliyefanya kazi kwenye meli za mizigo ujana wake wote.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mjomba wako ananiambia unataka kutuletea tramu. Tramu za nini? Nimezipanda Hamburg mpaka wenyewe wakazing'oa. Sisi tunataka ile yenyewe, inayopita chini."

Ni kweli, Hamburg waliiondoa tramu yao ya mwisho mwaka 1978. Mjomba akanywa funda la kahawa, akaomba asimuliwe hiyo ya chini ilivyokuwa.

"Unashuka melini," Baharia akaanza, "unapanda pale pale bandarini. Unakaa dirishani, unaiona meli yako imefunga gatini, unaona winchi zinapakua…"

"Sasa wewe uko chini ya ardhi. Meli unaionaje?"

Baraza nzima ikacheka, hata muuza kahawa. Baharia hakutahayari. Akaeleza kwamba pale bandarini treni hupita juu, kwenye nguzo za chuma, kisha mbele ndiyo huzama. Na alikuwa sahihi. Metro ya Hamburg, iliyofunguliwa 1912, inapita hewani mbele ya gati. Ile ya London, ambayo dunia nzima huitaja kwa jina la chini ya ardhi, zaidi ya nusu ya njia zake ziko juu, kwenye jua na mvua.

Kwa hiyo kipimo si kina cha shimo. Nimebishana na watu wengi juu ya jambo hili na sijaona sababu ya kubadili mawazo. Cha kuuliza ni nani anampisha nani. Metro haimpishi mtu. Njia yake haikatwi na gari, mtembea kwa miguu wala mkokoteni, iwe imechimbiwa, imeinuliwa au imezungushiwa ukuta. Treni nyepesi imekubali kuishi na watu, kwa hiyo inasimama kwenye taa, inapiga kengele, na dereva wake anaendesha kwa macho yake mwenyewe sawa na wa daladala. Mengine yote yanazaliwa hapo.

Chukua umeme. Metro nyingi hulishwa na reli ya tatu iliyolazwa pembeni mwa njia, kwa kawaida yenye volti 750, kwa kuwa hakuna anayetakiwa kukanyaga pale. Treni nyepesi huchukua umeme wake kwenye waya juu. Mjomba alipowaeleza wenzake hilo alisema, "Ilaze hiyo reli ya tatu hapa Ngamiani Alhamisi, Ijumaa hakuna mbuzi."

Chukua urefu. Treni inayosimama barabarani haiwezi kuwa ndefu kuliko kipande cha mtaa, la sivyo mkia wake utaziba njia panda ya nyuma. Portland, kule Marekani, vipande vya mitaa ya katikati ya mji vina mita 61 tu, na kwa sababu hiyo treni zao nyepesi haziungi zaidi ya mabehewa mawili. New York, ambako treni haimpishi mtu, mabehewa kumi yanakwenda pamoja, mita 180 na ushei. Tuliangalia njia panda moja mpaka nyingine pale tulipokaa. Mjomba akakadiria kwa jicho la ufundi kwamba behewa moja la tramu lingeenea, la pili lingeleta kesi.

Chukua na idadi ya treni kwa saa. Njia ya Victoria ya London hupitisha hadi treni 36 kwa saa, yaani moja kila sekunde 100, kwa kuwa mitambo ndiyo inayozipanga na hakuna bodaboda atakayechomoka ghafla mbele.

Baharia alisikiliza yote, akakunja mikono. "Nyinyi mnaongea habari za umeme. Mimi naongea habari za heshima. Mji wenye treni ya chini unaheshimiwa."

Sikumjibu, na nadhani ni mkweli kuliko wataalamu wengi. Ripoti za miji huandikwa kwa takwimu, lakini nyuma ya meza heshima huwa inakaa kiti cha mbele.

Jumapili

Harusi. Pilau, taarabu, na jua lililotukuta bado tumekaa. Binamu zangu walitaka niwachoree ramani ya vituo kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Kituo cha kwanza wakakiweka mbele ya nyumba ya bibi yao.

Jumatatu: Stesheni, kisha kufuata reli

Leo ndiyo siku niliyoisubiri. Mjomba aliamka na kofia yake ya zamani ya kazi, tukashuka stesheni. Kila alipokutana na mtu wa umri wake walisalimiana kwa kutaja sehemu walizopangiwa kazi: Korogwe, Mombo, Buiko, Same. Hiyo ndiyo njia yenyewe ilivyokua. Ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, ikamalizikia Moshi kabla ya vita kuu ya kwanza. Novemba 1914 Waingereza waliposhusha majeshi yao hapa Tanga, askari wa upande wa Wajerumani walikuja kwa treni hii hii kutoka juu, na Waingereza wakarudi melini wameshindwa. Mjomba husimulia hivi kila mwaka, na kila mwaka treni ya askari hao huongezeka mwendo.

Tulitembea kando ya reli kuelekea nje ya mji. Alikagua mataruma kwa mguu, akaokota boliti moja iliyolegea akairudisha mahali pake, kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

"Sasa niambie, mpwa wangu. Hii reli ipo. Treni yako ya mjini inashindwaje kupita hapa?"

Haishindwi, na ndilo jambo lililonileta. San Diego, mji wa bandari huko California, ilianza treni yake nyepesi 1981 kwa njia hiyo: waliichukua reli ya mizigo ya zamani, wakatundika waya wa umeme, wakaleta mabehewa mepesi. Mchana wanapita abiria, usiku inapita mizigo. Karlsruhe huko Ujerumani walikwenda mbali zaidi. Tangu 1992 tramu inayopita katikati ya mji kwenye volti 750 inatoka nje ya mji, inapanda juu ya reli kubwa yenye volti 15,000, na kumfikisha mtu mji wa jirani bila kushuka. Behewa limetengenezwa limudu umeme wa aina zote mbili. Nilimchorea Mjomba mchangani: ingia Raskazone, pita mjini taratibu kwa kengele, shika reli hii, Pongwe, Muheza, machungwa.

Alikaa juu ya jiwe, akaanza kuhoji kama fundi anavyohoji.

"Upana wa reli yetu ni mita moja. Magari yao yanalingana?"

Yapo. Zürich, Basel na Bern, kule Uswisi, tramu zao zinakimbia juu ya reli ya mita moja, kwa hiyo si kitu cha kubuni.

"Haya. Njia ni moja, si mbili. Treni yako inakwenda, nyingine inarudi. Zinapishana wapi?"

Hili ndilo swali ambalo vijana wa ukoo hawakuliuliza, na jibu lake linakata maneno. Kwenye njia moja treni hupishana stesheni tu, palipo na reli ya pili ya kukaa kando. Kama kutoka sehemu ya kupishana hadi nyingine ni mwendo wa dakika kumi, basi kila upande utapata treni moja kwa dakika ishirini, hata ukinunua mabehewa mia. Anayetaka treni kila dakika tano lazima aongeze sehemu za kupishana, au alaze njia ya pili. Mjomba alihesabu kwa vidole vituo vilivyokuwa na reli ya kando enzi zake, akasema vingine viling'olewa, vingine vimeota mchongoma.

"Na reli zenyewe ni nyembamba, kuukuu. Mwendo wako utakuwa wa polepole mpaka ubadilishe."

Nilikubali. Hata hivyo kubadilisha reli mahali ambapo tuta lipo, madaraja yapo na ardhi ni ya reli, ni kazi nyingine kabisa na ile ya kuanza kutafuta njia katikati ya nyumba za watu. Baada ya mwendo kidogo tulizikuta nyumba zenyewe, zimesogea mpaka karibu na mataruma, nyingine zina alama ya X nyekundu ukutani, ya kubomolewa. Mama mmoja alikuwa ameanika kanga kwenye uzio wake huku X ikionekana katikati. Mjomba alimwamkia kwa adabu na hakuzungumzia reli hata kidogo mpaka tulipopita.

Jambo moja la kuudhi kabla sijasahau. Reli ya tramu inayolazwa ndani ya lami huwa na mfereji mwembamba wa kupitisha ukingo wa gurudumu la chuma, na mfereji huo unatosha kabisa kumeza tairi ya baiskeli. Waendesha baiskeli wa Amsterdam wanalijua hili tangu utotoni. Reli huvukwa kwa pembe pana, kamwe si kwa kuifuata. Mji wenye baiskeli nyingi hivi, tramu ikija bila njia za baiskeli zilizofikiriwa vizuri, wiki ya kwanza foleni itakuwa hospitali ya Bombo. Metro isingekuwa na shida hiyo. Nimeiandikia alama yake.

Jumanne: Amboni

Mapango ya Amboni yako kilomita kama 8 kaskazini mwa mji, kwenye njia ya Horohoro. Nilimwambia Mjomba hii ndiyo metro ya Tanga iliyokwisha kuchimbwa, akasema basi twende tukakague vituo.

Ndani kuna ubaridi na harufu ya popo. Kijana anayetembeza wageni ana tochi na simulizi zake: mahali Osale Otango alipojificha akiwindwa na serikali ya kikoloni, sehemu ya tambiko ambapo watu huacha chupa za marashi, na shimo ambalo, wazee wanasema, linatokea Mombasa. Jingine linakwenda mpaka Kilimanjaro. Wazungu wawili waliingia na mbwa wao, hawakuonekana tena, mbwa akaibukia Moshi. Wapimaji waliokuja 1994 walikuta mapango kumi, na refu kuliko yote halizidi mita 900. Kijana huyo analijua hilo pia, akatueleza kwa heshima, kisha akairudia ile ya mbwa.

Lakini ukuta wa pango ni darasa. Mwamba huu ni chokaa, na maji ndiyo yaliyouchonga kwa muda usiohesabika. Penye chokaa, mtu anayechimba handaki hajui hatua inayofuata atakuta jiwe, uwazi au maji. Mashine ya kuchimbia, ile ndefu yenye uso wa duara unaozunguka, inataka mwamba unaotabirika. Na huko mjini, ukichimba karibu na pwani, bahari haiko mbali.

Maji hayazuii metro. Yanaiongezea bei, na deni lake halimaliziki. Rotterdam, mji wa bandari huko Uholanzi, ardhi yake ni tope tupu. Metro yao ya 1968 ilijengwa kwa kuchimba mifereji, kuijaza maji, kuelesha vipande vya handaki vilivyotengenezwa nje na kuvizamisha mahali pake. Ujuzi wa mabaharia, kwa kweli, Baharia angefurahi kusikia. New York, hata siku isiyo na mvua, mashine huvuta karibu lita milioni 50 za maji kutoka kwenye mahandaki yake. Umeme wa mashine hizo unalipwa kila siku, awepo abiria au asiwepo.

Tulikaa nje chini ya mti nikafanya hesabu. Treni nyepesi ya Addis, kilomita 34 hivi, iligharimu kama dola milioni 475, yaani karibu milioni 14 kwa kilomita. New York ilipofungua kipande kipya cha metro chini ya Second Avenue, Januari 2017, kilomita zisizofika 3 ziligharimu karibu dola bilioni 4.5. Kilomita moja pale inalipia zaidi ya kilomita mia za Addis. Si haki kuishia hapo, kwa sababu New York inajulikana kwa bei za kutisha kuliko mahali pengine duniani. Madrid ilimaliza 2003 mzunguko wa metro wa kama kilomita 40 kwa miaka michache na kwa bei ya chini sana kuliko hiyo. Ila hata bei ya Madrid, kwa mji wetu, bado ni bei ya kumwuliza mtoto wa nani atakuja kuilipa.

Mjomba aliyatazama makaratasi yangu, akauliza tu, "Na ngazi?" Alimaanisha magoti yake. Nikafanya na hiyo hesabu. Kwa safari ya kilomita 6, tramu ya mwendo wa kilomita 20 kwa saa inatumia dakika 18. Metro ya mwendo wa 35 inatumia dakika kama 10. Ongeza dakika tatu za kuteremka na tatu za kupanda, faida karibu yote imeliwa na ngazi. Metro inamlipa anayekwenda mbali. Tanga hakuna mbali.

Jumatano: Kona ya soko la Mgandini

Tulisimama kivulini kutazama magari yanavyobeba watu. Sikuhesabu kila kichwa, ila picha inatosha. Bajaji, abiria watatu. Hiace, kumi na sita wakikaa kwa adabu. Baiskeli, mmoja na mzigo, au wawili na kicheko.

Behewa la tramu la mita 30 hubeba kama watu 200, wengi wamesimama. Unganisha mawili, pitisha kila dakika tatu, unapata watu 8,000 kwa saa kuelekea upande mmoja. Kuwabeba kwa Hiace ungehitaji moja kila sekunde saba, saa nzima, na hapo hakuna hata mwanya wa kuvuka barabara. Metro yenye watu 1,200 kwa treni, treni 30 kwa saa, inabeba 36,000. Sensa ya 2022 iliikuta Tanga jiji na watu karibu laki nne. Ina maana metro ingeuhamisha mji mzima, wachanga na vikongwe, kwa saa kumi na moja. Nilipomwambia Mjomba aliuliza tungewahamishia wapi.

Kwa hiyo metro si ya hapa, na sidhani itakuwa katika umri wa wajukuu wangu. Swali gumu ni kama treni nyepesi yenyewe ni ya hapa. Jana ningejibu upesi kwamba ndiyo. Kona hii imenipunguza kasi, kwa sababu ya Addis.

Addis ilifungua treni yake Septemba 2015, njia mbili, moja ya mashariki hadi magharibi na moja ya kaskazini hadi kusini, zikikutana kwenye daraja refu katikati ya mji. Mwanzo ilikuwa sherehe. Nauli ilikuwa ya chini sana, watu walijaa mpaka milango ikakataa kufunga. Lakini wajenzi, wakitaka treni isisubiri sana, waliweka sehemu kubwa ya njia katikati ya barabara na kuizungushia uzio. Mtaa uliokuwa mmoja ukawa miwili. Muuza mboga wa upande huu, ambaye wateja wake walikuwa upande ule, sasa anatembea mpaka kivuko kilichowekwa mbali. Wakapata ubaya wa metro, yaani ukuta, bila kupata wingi wake wa kubeba. Kisha vipuri vikaadimika, nauli ile ndogo haikuweza kuvinunua, na treni nyingi kati ya 41 zilizonunuliwa zikaishia kuegeshwa. Waliobaki kwenye kituo walirudi kwenye mabasi madogo.

Nikiitazama Ngamiani kwa macho hayo naona uzio umepita katikati ya barabara za namba, na baraza ya Baharia imebaki upande wa pili. Hapana. Ikiwa reli itaingia mtaani hapa, iingie bila uzio, taratibu, ikipiga kengele na kusubiri. Na anayeona kusubiri ni udhaifu ajue kwamba kwa mji huu ndiyo sifa yake. Haraka ibaki kwenye tuta la zamani, kuelekea Pongwe, ambako njia tayari ni ya treni peke yake.

Na hata hilo nisingelianza kesho. Ningeanza na mambo ambayo hayapigiwi ngoma: mpaka wa hifadhi ya reli uliopimwa na kuheshimiwa, sehemu za kupishana zilizofufuliwa, na basi zuri la kila dakika kumi kutoka Kange hadi Raskazone lenye saa yake. Basi likijaa likashindwa, hapo ndipo reli inapata hoja.

Alhamisi: Raskazone

Kuoga baharini, mihogo ya kukaanga, hakuna kazi. Mjomba alinikumbusha kwamba pwani yetu ilishawahi kuwa na treni za mitaani. Zanzibar, tangu 1905, reli ya Bububu iliyojengwa na Wamarekani ilipita katikati ya vichochoro vya Mji Mkongwe, karibu na kuta kiasi cha kumtisha aliyekaa barazani, mpaka magari yalipoiua miaka ya 1920. Mombasa nako kulikuwa na vigari vidogo juu ya reli, abiria mmoja au wawili wamekaa chini ya turubai, na watu wanavisukuma kwa mikono. Mjomba anasema hiyo ndiyo treni nyepesi kuliko zote, labda si kwa wasukumaji.

Ijumaa: Dar es Salaam

Basi la alfajiri. Mchana niko Mbezi, kisha Kimara, nimebanwa kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi na begi langu la machungwa. Hapa hesabu zote za Tanga zinageuka. Mji wa zaidi ya watu milioni 5 hauulizwi utawahamishia wapi. Njia ya kwanza ya mwendokasi, kilomita 21, ilianza Mei 2016, na kwa jinsi inavyojaa mtu akija na hoja ya metro kati ya Kariakoo na Posta nitakaa chini nimsikilize.

Njiani nilikuwa nikiwaza Cairo. Metro yao ya 1987, ya kwanza Afrika, haikuanza kwa kuchimba mji wote. Walikuwa na reli mbili za juu zilizokuwapo tayari, ya Helwan kusini na ya Marg kaskazini, zikiishia pande mbili za mji bila kukutana. Walichimba handaki la kilomita chache tu katikati, wakaziunganisha. Dar nayo ina mbili za zamani: ile ya kati inayoingia Stesheni, iliyobeba tangu 2012 treni ya abiria wa mjini, ile watu waliyoiita ya Mwakyembe, na ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inayoishia Barabara ya Nyerere. Kipande cha katikati si kirefu.

Nilimpigia Mjomba kumwambia nimefika salama, na nikamweleza hilo papo hapo, nikipaza sauti juu ya makonda. Alinyamaza kidogo.

"Ya kati upana wake milimita 1,000," akasema. "TAZARA 1,067. Treni ya huku haiingii kule. Tafuta kwanza dawa ya milimita 67 hizo, mpwa wangu, halafu unipigie."